Kuhoji Tunayoambiwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wanafunzi, wazazi na majirani huniuliza tena na tena, darasani, barazani na kwenye kundi la simu la mtaa wetu. Nimeanza na mepesi nikaishia na yale yanayonisumbua hata mimi. Si lazima uyasome kwa mfuatano. Jibu likihitaji jingine, nimetaja namba yake.

## Ya kuanzia

1. Fikra tunduizi ni nini, kwa lugha ya kawaida?

Ni ile tabia uliyonayo tayari unapokwenda Feri kununua samaki. Muuzaji anakuapia kwamba kavuliwa alfajiri. Humtukani, lakini pia humwamini hivi hivi. Unafunua matamvua uone kama bado ni mekundu, unatazama jicho, unabonyeza nyama uone kama inarudi, unanusa. Ukimaliza ndipo mnaongea bei. Hakuna aliyekufundisha hayo darasani, na hakuna anayekuona mkorofi kwa kuyafanya.

Kufikiri kitunduizi ni kuichukua tabia hiyo ya sokoni na kuipeleka kwenye mambo tusiyozoea kuyakagua: dawa inayotibu kila ugonjwa, biashara inayozalisha pesa kwa wiki mbili, uvumi kuhusu bibi kizee wa nyumba ya tatu. Huko ndiko tunakouziwa mbuzi kwenye gunia, na huko hasara huwa kubwa kuliko ya samaki mmoja aliyechina.

2. Kwa hiyo nisiamini chochote?

Uamini, ila uthibitisho ulingane na uzito wa dai. Ukiniambia jana ulikula ugali kwa dagaa, nakuamini papo hapo, maana hata kama si kweli hakuna anayeumia. Ukiniambia niache insulini kwa sababu umeota ndoto, nitakuuliza maswali mengi, tena bila haya.

Mtu anayekataa kila kitu naye hakagui. Amechagua tu jibu moja la kudumu, kama yule anayekubali kila kitu.

3. Wahenga si walisema "lisemwalo lipo, na kama halipo laja"?

Walisema. Walisema pia "kuuliza si ujinga". Ukichukua methali moja peke yake ukaifanya sheria, unawaonea wahenga.

Mimi naitumia methali hiyo hivi: jambo likisemwa sana, kweli kipo kitu, lakini huenda si kile kinachosemwa. Wakati mwingine kilichopo ni hofu ya watu, au njaa, au ugomvi wa shamba. Swali la 10 lina mfano wake.

4. Nikisikia jambo jipya, nianze na swali gani?

Yapo matatu, na yanatosha siku nyingi. Nani aliliona kwa macho yake, si kwa kuhadithiwa? Wale ambao halikuwafaa wako wapi, na nani aliwahesabu? Kama jambo hili lingekuwa si kweli, ningetarajia kuona nini tofauti na ninachokiona sasa? La tatu ndilo gumu. Lizoee taratibu.

## Magonjwa na tiba

5. Kikombe cha Loliondo kilinywewa na maelfu kwa maelfu, wakiwemo wasomi na viongozi. Wote hao walikosea?

Mwanzoni mwa 2011 barabara ya kwenda Samunge, Loliondo, wilayani Ngorongoro, ilijaa msururu wa magari wa kilomita nyingi. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa iliyochemshwa kutokana na mti uitwao mugariga, kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu, na kwamba dawa hiyo inatibu kisukari, pumu, saratani na Ukimwi. Watu walitoka pande zote za Tanzania, wakatoka Kenya na Uganda. Wengine walitolewa wodini wakasafirishwa. Mwezi Machi Babu mwenyewe aliomba wageni wapya wasije kwanza mpaka foleni ipungue. Wapo wagonjwa waliofia njiani na kwenye foleni.

Wingi ule ulithibitisha jambo moja, kwamba watu wengi walikuwa wanateseka na tiba walizozizoea hazikuwatosha. Haukuthibitisha dawa. Mtu alikwenda kwa sababu alisikia watu wanakwenda. Foleni ikawa ndiyo ushahidi, na ushahidi huo ukairefusha foleni. Ungetembea kwenye magari yale ukauliza nani anamfahamu mgonjwa aliyepimwa kabla ya kunywa akapimwa tena baada ya kunywa, mikono ingekuwa michache mno.

Ile bei ndogo nayo iliwashawishi wengi. Tapeli gani, walisema, anayeuza kwa 500? Hapo nakubaliana nao: sina sababu ya kumwita Babu tapeli. Lakini mtu anaweza kuwa mkweli kabisa wa moyo na bado akawa amekosea, na sisi tulichanganya mambo hayo mawili. Tulimpima mtu, tukasahau kuipima dawa. Walioumia zaidi ni wale waliokunywa kikombe kisha wakaacha ARV au dawa za sukari wakijiona wamemaliza safari.

6. Lakini mimi namfahamu mtu aliyekunywa dawa fulani akapona.

Nakuamini kwamba unamfahamu na kwamba alipata nafuu. Kinachobaki ni kujua nafuu ilitoka wapi.

Magonjwa mengi hupanda na kushuka yenyewe: pumu, maumivu ya mgongo, vidonda vya tumbo. Mtu huenda kwa mganga siku amezidiwa, na baada ya kilele cha maumivu mara nyingi huja unafuu, hata asipokunywa kitu. Wengine waliugua kwa kuambiwa tu na majirani, hawakuwahi kupimwa, kwa hiyo wamepona ugonjwa ambao hatujui kama walikuwa nao. Wengine waliendelea na vidonge vya hospitali kimya kimya, sifa wakampa mganga. Kuhudumiwa, kuombewa, kusafiri na ndugu anayekujali navyo hupunguza maumivu kweli, ila havishushi sukari kwenye damu.

Na waliokufa hawarudi kutoa ushuhuda. Kwenye mkutano wa uponyaji hutamwona anayepanda jukwaani kusema haikumsaidia.

7. Basi dawa inayofanya kazi inajulikanaje?

Kwa kulinganisha. Mwaka 1747, ndani ya meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Salisbury, daktari James Lind alikuwa na mabaharia 12 wenye kiseyeye. Fizi zilikuwa zinaoza na nguvu zimewaishia. Kila mtu enzi zile alikuwa na dawa yake ya kiseyeye na mashahidi wake. Lind aliwagawa wawili wawili, wote wakala chakula kilekile, kisha kila jozi ikapewa tiba tofauti: wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine machungwa na malimau. Kwa muda wa wiki moja hivi wale wa machungwa walikuwa wamesimama, mmoja anaweza kurudi kazini. Waliokunywa maji ya bahari hawakuona faida.

Kisa hicho hakikuhitaji mashine yoyote. Kilihitaji mtu akubali kwamba dawa anayoipenda inaweza kushindwa mbele ya macho yake. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza lilichelewa hadi 1795 kuanza kuwapa mabaharia wote maji ya malimau, na katikati hapo wengi walikufa bure. Wenye madaraka nao wanahitaji kuhojiwa. Tazama swali la 18.

8. Unasema mitishamba ni uongo?

Sijasema, na sitasema. Dawa ya mseto tunayopewa kwa malaria, ile ALu ambayo Tanzania iliifanya dawa ya kwanza tangu 2006, chimbuko lake ni mmea. Wachina walikuwa wakiutumia kwa homa tangu zamani. Katika miaka ya 1970 mtafiti Tu Youyou na wenzake waliyapekua maandiko ya kale ya tiba, wakakuta maelezo ya kuuloweka mmea huo kwenye maji na kuukamua badala ya kuuchemsha, wakapata kiini kinachoua vimelea. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Kwinini nayo ilitoka kwenye gome la mti.

Tafsiri yangu ni kwamba babu zetu waliojua miti walikuwa na hazina, na heshima kubwa tunayoweza kuwapa ni kuipima. Chukua mwarobaini. Jina lenyewe linadai maradhi 40. Basi tuulize: yepi, kwa kiasi gani cha majani, kwa siku ngapi, na yepi ambayo hauyatibu? Mtu akikuambia mti wake unatibu yote na hauna kipimo wala madhara, hapo ndipo uanze kushuku.

9. Degedege ni ugonjwa wa shetani au wa hospitali?

Swali hili linanigusa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Bagamoyo, na kwake degedege ililetwa na dege, ndege wa kishetani anayepita usiku juu ya nyumba yenye mtoto mchanga. Mdogo wangu alipokakamaa na kugeuza macho, bibi alimfukiza kinyesi cha tembo. Sindano aliikataa katakata. Aliyepata degedege akichomwa sindano hufa, ndivyo alivyofundishwa na mama yake.

Bibi hakuwa mjinga. Alikuwa akiangalia kwa makini, na alichokiona kilitokea kweli. Mtoto wa chini ya miaka 5 homa ikipanda ghafla anaweza kupata mtukutiko, na mtukutiko wa namna hiyo mara nyingi hukoma wenyewe baada ya dakika chache. Ukimfukiza dakika hizohizo, utaona moshi umefanya kazi. Mwingine mtukutiko wake umetokana na malaria iliyopanda kichwani. Huyo moshi haumsaidii, anazidiwa, ndugu wanahangaika siku nzima, hatimaye anafikishwa hospitali amekwisha kupoteza fahamu. Anachomwa sindano, anafariki baada ya saa moja. Kijiji kinakumbuka sindano. Kila hatua ya hesabu ya bibi ilitokana na jambo alilolishuhudia, ila waliowahi hospitali wakapona hawakuwemo kwenye hesabu yake.

Kwa hiyo: mtoto akipata degedege mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, mvue nguo nzito, umpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo. Malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesunate. Mdogo wangu alipona. Ilikuwa homa ya kawaida. Bibi alikufa akiamini ni moshi.

## Ya usiku na ya jirani

10. Popobawa yupo au hayupo?

Mwaka 1995 habari zake zilianzia Pemba, zikavuka hadi Unguja, baadaye na Dar es Salaam. Zilirudi tena 2001 na 2007. Watu walisimulia kukabwa na kuingiliwa usiku na kitu kama popo mkubwa, na ilisemwa kwamba asiyetangaza yaliyompata angerudiwa. Familia zilihama vitanda zikalala nje, zimeuzunguka moto.

Angalia lile sharti la kutangaza. Hadithi inayokulazimisha kuisambaza haiwezi kukosa kusambaa. Halafu 1995 ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu Mapinduzi, joto la siasa lilikuwa limeingia hadi majumbani. Hofu ilikuwapo kweli, na kukabwa usiku kulikuwapo kweli (swali la 11). Mnyama mwenye mabawa hakuna aliyemleta.

Ila damu ilimwagika. Mwaka huohuo mjini Zanzibar watu walimpiga hadi kumuua mtu mwenye ugonjwa wa akili kwa kudhani ndiye popobawa. Alikuwa amekuja mjini kutafuta matibabu. Ninapoambiwa popobawa ni kisa cha kuchekesha watoto, humkumbuka huyo.

11. Mbona mimi mwenyewe nimewahi kukabwa usiku, nikaona mtu chumbani?

Ulichokihisi ni kweli, na kina jina la siku nyingi: jinamizi. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli ya mwili ili tusiigize ndoto zetu tukajiumiza. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijaachiwa. Macho yako wazi, huwezi kusogea wala kupiga kelele, kifua kinahisi kimekaliwa, na ndoto bado inaendelea ndani ya chumba unachokitambua. Hudumu sekunde au dakika chache.

Wajapani wana jina lake, kanashibari. Watu wa Newfoundland, Kanada, husema wamekaliwa na ajuza. Mwili hufanya jambo lilelile kila mahali, kisha kila jamii humpa mkabaji sura inayoifahamu. Kulala chali na kukosa usingizi wa kutosha huongeza uwezekano. Likikurudia mara kwa mara, mweleze daktari.

12. Kuna ubaya gani kuwaachia watu imani zao?

Nyingi hazina ubaya, na sina muda wa kugombana na mtu asiyefagia usiku. Ninazozihoji ni zile zinazomtafuta wa kuumia.

Kanda ya Ziwa wanawake wazee waliuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, eti ni wachawi. Macho hayo yalitokana na miaka 40 ya kupika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Ushahidi wa uchawi wao ulikuwa kazi ya kuwalisha hao hao waliowaua.

Watu wenye ualbino nao. Mauaji yalipozidi kuanzia 2007, sababu ilikuwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Ualbino ni kurithi: baba na mama wote wawili wakibeba chembe hiyo ya urithi, wenyewe wakiwa na rangi ya kawaida, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Hakuna jini wala laana ya mama, na mtoto huyo hufa kama binadamu wote, hatoweki kama inavyosemwa. Jua ndilo linalomuua mapema, kwa saratani ya ngozi, asipopata mafuta ya kukinga na kofia pana. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na Januari 2009 Waziri Mkuu Pinda alitangaza kuwafutia waganga leseni. Hatua hizo zilikuwa za lazima. Lakini soko la viungo linaishi mpaka pale mnunuzi atakapouliza: nani ametajirika kwa hili, nimwone, nihesabu na waliofilisika?

## Pesa

13. Upatu wa kina mama na upatu wa mtandaoni una tofauti gani?

Tofauti kubwa, na jina moja limewaponza wengi. Mchezo wa kina mama ni hivi: mko 10, kila mwezi kila mmoja anatoa 50,000, mmoja anaondoka na 500,000. Baada ya miezi 10 kila mtu ametoa laki tano na kupokea laki tano. Hakuna faida iliyozaliwa. Kilichopatikana ni kupata pesa kwa mkupuo.

Ule mwingine unakuahidi zaidi ya ulichoweka. Uliza ile ziada inatoka wapi. Kama hakuna shamba, duka wala kiwanda, basi inatoka kwa watakaoingia baada yako. Sasa fanya hesabu. Kila mmoja anatakiwa kuleta watu 6. Hatua ya kwanza watu 6, ya pili 36, ya tatu 216. Hatua ya kumi pekee inahitaji watu 60,466,176. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, pamoja na vichanga. Hatua ya kumi na moja utawapata wapi?

14. Mimi nimeshalipwa mara mbili. Hiyo si dhahiri kwamba ni kweli?

Kulipwa ndiyo chambo. Mwaka 1920 kule Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, na wa kwanza aliwalipa kweli. Fedha alizowalipa zilikuwa za waliofuata. Hapa kwetu DECI, taasisi iliyokusanya pesa za watu kwa ahadi ya faida, ilitumia maneno ya kupanda mbegu na kuvuna, maneno ambayo mwenye kwenda kanisani anayasikia kwa upendo. Waliovuna mapema walitoa ushuhuda wa dhati, wakawaleta ndugu zao. Serikali ilipoisimamisha 2009, waliopanda mwisho walibaki na risiti.

Mimi niliwahi kuingia kwenye kitu cha namna hiyo kupitia simu, miaka kadhaa iliyopita. Nililipwa mara moja, nikamshawishi dada yangu. Pesa yangu nilishaisahau. Ya dada bado inaniuma.

## Kwenye simu

15. Nitajuaje ujumbe wa kufowadi ni wa kweli?

Tafuta tarehe, mahali na jina la anayesema. Ukikuta "madaktari wa Muhimbili wametoa tahadhari" bila jina la daktari wala siku, ujue aliyeandika alitaka heshima ya Muhimbili bila Muhimbili kujua. Ujumbe unaokuamuru uutume kwa watu 20 kabla ya saa sita una tabia ya popobawa (swali la 10). Picha unaweza kuitafuta kwa Google Lens ukaona ilipotokea mara ya kwanza; mafuriko mengi "ya leo Jangwani" yamewahi kuwa ya nchi nyingine. Wapo pia wanaofanya kazi ya kuhakiki, kama JamiiCheck, PesaCheck na Africa Check.

Ukikosa muda wa kukagua, usifowadi. Hakuna aliyewahi kuumia kwa sababu hukutuma.

16. Je, sauti na video zilizotengenezwa kwa akili mnemba?

Usitegemee jicho. Kila dalili tunayofundishana leo hurekebishwa kesho. Hoji njia iliyoileta: nani kaiweka, na je, mwenyewe kaisema kwenye ukurasa wake au mbele ya vyombo vya habari? Sauti ya ndugu ikiomba pesa, kata, kisha piga wewe mwenyewe kwa namba uliyokuwa nayo siku zote. Nyumbani kwetu tuna neno la siri la familia. Lichagueni leo, mkiwa mmekaa pamoja.

17. Mtabiri alinitajia jambo langu la siri. Alijuaje?

Wengi tumepokea ujumbe "ile hela tuma kwenye namba hii". Aliyeutuma hajui lolote kukuhusu. Ametuma kwa maelfu, na miongoni mwao yupo aliyekuwa ametoka tu kuahidi kodi ya nyumba. Kwa huyo mmoja ujumbe unaonekana kama unamjua. Mtabiri akisema "kuna mtu wa karibu anakuonea wivu" au "mwaka huu mtu mashuhuri atafariki", anatuma kwa maelfu vilevile.

Linganisha na utabiri wa kweli. Wanaastronomia, wataalamu wa jua, mwezi na nyota, walisema miaka mingi kabla kwamba tarehe 1 Septemba 2016 jua lingepatwa na kubaki kama pete, na kwamba Rujewa, Mbarali, ni mahali pazuri pa kuliona. Walitaja siku, mahali na saa. Kama lisingetokea, wangeumbuka mbele ya nchi nzima. Watu walikwenda Rujewa, wakaiona pete. Mtake mtabiri wako akubali kuumbuka namna hiyo.

## Magumu

18. Wataalamu nao wamekosea mara nyingi. Kwa nini niwaamini?

Kwa sababu kuna njia ya kuwakosoa, na hutumika. Kwa miaka mingi madaktari walifundisha kwamba vidonda vya tumbo husababishwa na mawazo na pilipili. Robin Warren na Barry Marshall wa Australia wakasema ni bakteria, wakapuuzwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria wenyewe, tumbo lake likavimba kwa ndani, vipimo vikaonyesha. Mwaka 2005 walipewa Nobel, na leo vidonda vingi hutibiwa kwa antibiotiki.

Ukisikia kisa hiki kikitumiwa kumtetea mganga, kumbuka kwamba Marshall alishinda kwa kuleta ushahidi ambao mpinzani wake angeweza kuurudia.

19. Na kama dai haliwezi kukanushwa kwa namna yoyote?

Hapo ndipo pa kuwa macho zaidi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya kuzigeuza risasi za Wajerumani ziwe maji. Namheshimu, aliwaunganisha watu wa makabila ambayo hayajawahi kupigana bega kwa bega. Lakini maji yalikuja na miiko, na aliyekufa ilisemwa amevunja mwiko. Kwa hiyo kila maiti ikawa inathibitisha nguvu ya maji badala ya kuikanusha. Agosti 1905 pale Mahenge watu waliikabili boma yenye bunduki za rashasha wakiwa na uhakika huo.

Sentensi kama "hukupona kwa sababu imani yako ni ndogo" hufanya kazi ileile. Inamwondolea lawama mtoa tiba na kumtwisha mgonjwa. Nikiisikia, naondoka.

20. Ninaweza kuhoji hivi na bado nikawa mtu wa dini?

Ndiyo. Mimi nasali. Kumwomba Mungu ni jambo moja, kuambiwa kwamba chupa hii ya mafuta inatibu figo ni jambo jingine. La pili linapimika, na anayelitaja jina la Mungu juu yake ana wajibu mkubwa zaidi wa kusema kweli.

21. Nitamwambiaje mama yangu bila kumvunjia heshima?

Usimsahihishe kwenye kundi la familia. Nenda kwake, au mpigie. Shikamoo kwanza, habari za mguu wake, ndipo useme: "Mama, ile dawa uliyotutumia umeipata kwa nani? Nataka niielewe." Msikilize hadi mwisho, maana mara nyingi chini ya dawa kuna hofu ambayo hajamwambia mtu. Mama yangu alikuwa akinitumia vidokezo vya kisukari kila siku. Nilichelewa miezi kuelewa kwamba alikuwa amepimwa na matokeo yalimtisha.

Akikuuliza unachofikiri, sema kweli kwa upole. Asipokuuliza, rudi siku nyingine.

22. Mganga wangu hanikatazi dawa za hospitali. Anasema nitumie zote. Kuna tatizo?

Ni afadhali sana kuliko kuambiwa uache. Ila baadhi ya mimea hupunguza nguvu ya dawa za VVU, mingine huumiza ini na figo, na daktari akiona vipimo vimeharibika bila kujua unachokunywa atatafuta sababu mahali pasipo. Wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa.

Andika tarehe uliyoanza. Endelea na vipimo vyako, yaani sukari, presha, au wingi wa virusi, ili ujue kinachopanda na kinachoshuka. Siku ya kliniki beba chupa yenyewe, hata kama haina lebo, uiweke juu ya meza ya daktari.